Mtoto mwanaume amezaliwa: namna ya kuamua maneno ya kutairi mbele mutoke maternite

Hapa kwetu Bukavu mtoto mwanaume akizaliwa, kutairi si kitu chenye watu wanaulizaga. Mama angali amelala ku kitanda, infirmye anapita anasema "mama, huyu tunamutairi kesho ama kesho kutwa?", papa anaulizwa paka maneno ya franga, imekwisha. Karibu wanaume wote wa Kongo wametairiwa, zaidi ya 9 kati ya 10, njo maana kila mtu anaona ni kama kukata kitovu tu. Lakini kitovu lazima kikatwe, govi mtu anaweza kuishi nalo miaka 80 na asipate shida ata moja.

Mimi ni infirmye, nafanya kazi maternite, na niko na upande wangu kwa hii maneno, nausema wazi toka mwanzo: kama mtoto ni mzima na dini yenu haiwawekei siku, mungojee akue, aulizwe mwenyewe. Lakini najua wengi mutafanya tu, na sitaki mtoto wa mtu atokwe damu usiku juu wazazi hawakujua nini ya kuuliza, kwa hiyo nitaeleza pande zote mbili, ya kuamua na ya kufanya kama mumeamua.

Anzeni mimba ingali mu tumbo

Musingojee siku ya kuzaa. Siku ile mama amechoka, papa anakimbia kutafuta franga ya fakitire, mama mkwe ameisha fika na sufuria ya uji, na kila mtu mu chumba eko na sauti kuliko nyinyi wawili. Muongee wakati wa CPN, ile ya kupima mimba, mwezi wa saba ama wa nane, usiku watoto wengine wamelala. Na musianze na "tunamutairi ama hatumutairi", anzeni na "sababu yetu ni gani". Juu sababu ziko nyingi na watu wanazichanganya, ukikataa moja wanakurukia na ingine, hamutamaliza.

Kama sababu ni dini, muangalie dini yenu inasema nini kweli. Kwa Wayahudi ni siku ya nane, iko mu Mwanzo 17, hapo hakuna kuchagua siku. Waislamu wengi wanapenda siku ya saba lakini haikufungwa hapo, kuna wenye wanangojea miaka kadhaa mbele mtoto abalehe, kwa hiyo ata familia ya Kiislamu inaweza kungojea mtoto apate nguvu bila kuvunja kitu, waulize shehe wao. Sisi wakristo njo tuko na kazi ya kusoma, juu mu Matendo 15 mitume na wazee kule Yerusalemu walikaa wakaamua kabisa kwamba watu wa mataifa wasibebeshwe huo muzigo, na Paulo mu Wagalatia 5:6 anasema kutairiwa ama kutotairiwa si kitu. Mtu atakujibu "Yesu alitairiwa siku ya nane". Ndiyo, Luka 2:21, alizaliwa Muyahudi mu familia ya Wayahudi. Wewe unazaa hapa Bukavu, kartie ya Kadutu, umebatizwa Katolika ama Protestanti, usiambiwe ni sheria ya Mungu kwako.

Kama sababu ni desturi, hapa nataka tuende pole. Wazee wanasema "ni ya mababu", na ni kweli kwa makabila mengi. Lakini ulizeni wazee hao hao ilikuwa inafanywaje. Kwa Balega ilikuwa bwali, kule kusini upande wa Lunda na Chokwe ilikuwa mukanda, na hayo yote haikuwa maneno ya mtoto wa siku tatu mwenye hajui ata sura ya mama yake. Ilikuwa kijana mwenye anatembea na miguu yake, anaenda porini na wenzake wa umri, anafundishwa, anavumilia, anarudi na heshima. Maana yote ilikuwa ndani ya hayo mafundisho na ule uvumilivu wake yeye mwenyewe. Kumukata mtoto mchanga nyuma ya rido ya maternite, papa ata hayuko, kisha kusema ni desturi ya mababu, hapana, ile ni mambo ya lopitali yenye ilikuja juzi, na desturi yenyewe imebaki nje. Sisemi turudi porini, kisu kimoja kupita kwa vijana wengi ni kupitisha virusi vya SIDA na vijidudu vingine, na vidonda vya kule vinaleta tetanos. Nasema tu kwamba kungojea mtoto akue si kutupa mababu, iko karibu zaidi na vile wao walifanya.

Kama sababu ni afya, njo hapa watu wengi wanasikia nusu ya habari. Ni kweli kutairi kunapunguza hatari ya mwanaume kupata virusi vya SIDA kwa mwanamuke, karibu asilimia 60. Ilionekana mu utafiti tatu, Orange Farm kule Afrika Kusini, Kisumu kule Kenya na Rakai kule Uganda, na mwaka 2007 OMS, shirika la afya la dunia, ikashauri nchi zenye SIDA nyingi na wanaume wachache wenye kutairiwa zitumie ile njia. Lakini soma mpaka mwisho. Wale wa utafiti walikuwa wanaume wakubwa, walijitolea wenyewe. Nchi zenye zilichaguliwa ni 15 za Mashariki na Kusini ya Afrika, Rwanda jirani yetu imo, Kongo haimo. Na mwaka 2020 OMS yenyewe ikasema ile huduma ielekezwe kwa vijana wa miaka 15 na kuendelea, usalama na kuitika kwao wenyewe vikiwa kati ya sababu. Mtoto mchanga hafanyi mapenzi, ile faida haina haraka, inaweza kungojea miaka 15 bila kupotea. Na aliyetairiwa bado anahitaji kapote, hiyo muifundishe watoto wenu wote.

Kuna pia infeksho ya mukojo. Watoto wenye hawajatairiwa wanaipata zaidi mu mwaka wa kwanza, ni kweli, lakini kwa mtoto mzima ni kitu kidogo sana, inabidi utairi watoto zaidi ya 100 ili uzuie infeksho moja, na infeksho yenyewe inapona na antibiyotiki. Kansa ya uume ipo, ni nadra.

Basi madaktari wenyewe hawaelewani, na hii muijue juu kuna mtu atawaambia "wazungu wameonyesha ni vizuri" na mwengine atawaambia "wazungu wamekataza". Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani mwaka 2012 kilisema faida inapita hatari, lakini si kiasi cha kushauri kila mtoto akatwe, wazazi waamue. Wakanada mwaka 2015 wakasema hawashauri kutairi kila mtoto mchanga. Madaktari wa Uholanzi mwaka 2010 walienda mbali zaidi, wakasema inavunja haki ya mtoto juu ya mwili wake na wazazi wakatazwe kwa maneno bila kuweka sheria ya kufunga watu. Mu Ujerumani tribinali ya Köln mwaka 2012 ilisema kumutairi mtoto bila sababu ya matibabu ni kumuumiza, Wayahudi na Waislamu wakalia sana, na mwezi wa 12 mwaka ule ule bunge likapitisha sheria ya kuruhusu kama inafanywa vizuri. Iceland mwaka 2018 walileta mradi wa sheria ya kukataza, haukupita. Kwetu, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inataka faida ya mtoto itangulie mu kila uamuzi wenye unamuhusu. Faida ya mtoto, si amani ya mama mkwe.

Na hapo njo tunafika kwa sababu ya kweli ya wengi, aibu. "Wenzake watamucheka ku masomo, siku ya kuogelea ku ziwa watamuita majina." Siicheki hiyo sababu, watoto wa kartie wanaweza kuwa wabaya sana, na papa mwenye anaogopa hiyo anamupenda mtoto wake. Lakini angalia: hakuna mtoto wa mwezi moja mwenye anachekwa. Kuchekwa kunaanza miaka 6, 7, mpaka 10, na kwa umri ule mtoto anaweza kuambia papa "nataka na mimi", na mukamupeleka kwa siku moja. Ukingoja haufungi mlango. Ukikata umeufunga, ngozi ile hairudi.

Nitakuwa wa haki pia kwa upande mwengine, juu kuko infirmye wenzangu wenye wananiambia "dada, mtoto mchanga anapona haraka, kidonda ni kidogo". Ni kweli. Watafiti wenye walikusanya ripoti za nchi nyingi waliona matatizo kwa watoto wachanga ni karibu asilimia 1 na nusu, kwa watoto wakubwa karibu 6, na matatizo makali ni machache sana. Ile ni kwa mikono yenye imefundishwa na vyombo safi, na wewe unajua si kila posti ya afya iko hivyo. Na mtoto mwenye hajakatwa kabisa, hatari ya kisu kwake ni hakuna. Wengi wenye wameachwa hawatahitaji kukatwa kamwe kwa sababu ya ugonjwa.

Kuongea na wazee bila kuwavunjia heshima

Musiwaambie habari siku ya kuzaa. Papa aende kwa mama yake mwenyewe, mama aende kwa wake, kila mtu kwa watu wake, papa asitume mke wake kwenda kumupinga mama mkwe, hiyo itamufuata miaka yote. Useme kitu kama: "Mama, tunakuheshimu, na wewe njo utamupa mtoto jina. Maneno ya kutairi tumeamua tungojee apate nguvu, akifika umri tutakuita ukuwepo." Maneno haya ya "tutakuita" yanasaidia sana, juu mara nyingi kile mzee anaogopa ni kwamba mumemutoa mu mambo ya familia. Usianze na habari ya haki za mtoto, atasikia unamuita mubaya.

Kisha museme wazi kabisa kwamba mtu asimupeleke mtoto bila nyinyi. Nasisitiza juu inafanyika, mama anarudi kazini, anakuta shangazi ameisha muzungusha mtoto kwa mtu wa karibu, "nilitaka kuwasaidia". Waambieni pia wenye wanabaki na mtoto mchana.

Ku maternite, mueleze toka kuingia, si siku ya kutoka. Muombe iandikwe ku karte yenu kwamba mtoto hafanyiwi kitu kama hicho mbele papa na mama waitike wote wawili. Na muangalie fakitire, kama kutairi kumewekwa ndani bila kuulizwa, museme kwa upole kitolewe.

Kama mumeamua kumutairi sasa

Sawa, ni nyinyi wazazi. Basi muangalie mtoto wenyewe mbele mtu amuguse.

Mtoto awe alizaliwa wakati wake, azidi kilo 2 na nusu, anyonye vizuri, asiwe na joto, macho na ngozi isiwe ya manjano. Awe amechomwa vitamini K ku maternite, muulize na muone imeandikwa, juu mtoto mchanga damu yake haishiki vizuri siku za kwanza. Muulizane mu familia, zaidi upande wa mama: kuna mjomba ama mtoto mwanaume mwenye alitokwa damu bila kukoma, kwa kung'oa jino, kwa kutairiwa? Kama yuko, hapana kukata mpaka damu ya mtoto ipimwe.

Kisha hii moja ifanyeni kwa macho yenu. Toa kushi ya mtoto karibu na dirisha mchana, ngojea akojoe. Angalia mukojo unatokea wapi. Unapashwa kutoka ku ncha. Kama unatokea chini ya uume, ama unaona govi limejaa upande wa juu kama kofia na chini hakuna kitu, ama uume umepinda kwenda chini, MUSIMUTAIRI. Huyo mtoto anahitaji daktari wa operasyo, na ile ngozi ya govi njo daktari ataitumia kumutengenezea njia ya mukojo. Ikikatwa, umemunyima dawa yake. Si kila mtu mwenye anatairi anaangalia hii, naandika nikiwa najua nasema nini.

Ingine ni maumivu. Uliza: "mutamuchoma dawa gani ya kufisha maumivu?" Jibu zuri ni lidokaini bila adrenalini, ichomwe ku shina ya uume, kisha wangojee dakika kadhaa mbele ya kukata. Sukari mu kinywa inasaidia kutuliza, haitoshi peke yake. Zamani watu walifikiri mtoto mchanga hasikii, mpaka miaka ya 1980 walikuwa wanawapasua wengine na dawa kidogo sana, leo inajulikana kabisa kwamba wanasikia, moyo unapiga mbio, wanalia mpaka pumzi inakatika, na kuna wenye wananyamaza si juu hawasikii ila juu wamechoka. Mtu akikujibu "aa, mtoto mdogo hasikii kitu", mubebe mtoto wako, utoke. Usibishane naye.

Uliza pia alifundishwa wapi, anatumia chombo gani, vinachemshwaje, na usiku mtoto akitokwa damu namba ya nani munapiga. Wengine wanatumia kipete cha plastiki chenye kinabaki ku uume na kinaanguka chenyewe mu siku 5 mpaka 10, musikivute. Mtu mwenye hana jibu ya swali ya usiku hana ruhusa ya kumukata mtoto wako.

Juu ya damu, wazazi wengi hawajui mtoto mchanga yuko na damu kidogo namna gani. Mtoto wa kilo 3 mwili muzima uko na mililita 250 hivi, haijazi chupa moja ya sukre. Vijiko viwili vikubwa vya damu ku kitambaa, wewe unaona ni kidogo, kwake imeisha pita sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo mubaki ku lopitali saa kadhaa, fungueni kushi kila mara, na musiende nyumbani kartie ya mbali jioni mvua inanyesha na hakuna moto-taksi.

Ku nyumba, mupakaze vazelini safi ili kidonda kisishike ku nguo, muoshe na maji safi ya uvuguvugu. Kitu cha manjano-meupe juu ya kichwa cha uume siku za kwanza si usaha, ni kidonda kinapona, musikikwangue. Musiweke majivu, dantifrisi, majani, wala poda ya kapsule yenye mumefungua. Mu siku 7 mpaka 10 inakuwa imepona. Mukimbie lopitali bila kungojea asubuhi kama damu inaendelea kutoka ata mumefinya na kitambaa safi dakika kadhaa, kama hajakojoa saa 12, kama joto ni 38, kama wekundu unapanda ku tumbo ama kunanuka, ama kipete kimeteremka ku shina na uume umevimba.

Kama mumengojea

Hapa kazi ni ndogo sana na watu wanaiharibu kwa kufanya nyingi. Govi la mtoto mchanga limeshikamana na kichwa cha uume, njo Mungu amelifanya hivyo, si ugonjwa. Daktari mmoja wa Uingereza, Douglas Gairdner, aliandika toka 1949 kwamba kwa karibu watoto wote wachanga halifunguki, linafunguka lenyewe pole pole. Wengine miaka 3, wengine 10, wengine mpaka ujana. Kwa hiyo munaoga nje tu, na maji, kama munaosha kidole. MUSIVUTE. Usimuruhusu infirmye ku CPS, kule wanapima watoto, avute "ili tusafishe", mushike mkono, umuambie hapana. Kulivuta kwa nguvu kunapasua, kidonda kinapona na kovu, na kovu lile njo linaleta ugonjwa wa govi kufungana, lisifunguke tena. Siku ya kwanza ya kulivuta ni ya mtoto mwenyewe, akiweza bila kuumia, basi umufundishe alirudishe mbele kila mara. Likibaki nyuma na kuvimba, hiyo ni lopitali siku ile ile.

Govi kuvimba kidogo kama puto akikojoa, bila kulia, inapitaga. Mukojo kutoka kwa tone tone, kulia kila akikojoa, ngozi kuwa nyeupe ngumu ku ncha, infeksho zinarudia, hizo muone daktari, na muulize kwanza kama krem ya kortikoidi inaweza kusaidia mbele ya kisu, juu kwa wengi inasaidia.

Na akifika miaka 10, 12, papa akae naye, si mbele ya dada zake. Amueleze kitu ni nini, kwa nini hamukukata, wenzake wengi wamekatwa kwa nini, na kwamba akitaka mutampeleka na akikataa hakuna mtu atamulazimisha. Umuache afikiri, usiombe jibu siku ile. Akisema ndiyo, muchague konji ndefu, mtu mwenye amefundishwa, dawa ya kufisha, na mujue kwa umri ule kupona ni wiki mbili tatu, hakuna mupira, hakuna kupanda Kadutu na bidon ya maji. Akisema hapana, mwambie bibi yake mzaa papa wewe mwenyewe, usimuachie mtoto hiyo kazi.